Kidole na Kipanya Kwenye Skrini Moja

Karani wa mapokezi wa siku hizi huenda akapewa laptop ambayo skrini yake inakubali kuguswa. Anaandika jina la mgonjwa kwa kibodi, anainua kidole kusogeza orodha ya madaktari, kisha anashika kipanya kuweka tiki kwenye kisanduku kidogo cha bima kilichobanwa pembeni. Yote hayo yanapita ndani ya nusu dakika, naye hata hafikirii kwamba ametumia zana tatu. Ameanza na simu kabla ya kukutana na kompyuta. Kwake, kinachoonekana kwenye kioo kinaguswa. Inayoshtuka ni programu. Aliyeiunda alikaa mbele ya monita pana, kipanya mkononi, na kidole hakikumjia akilini.

Matokeo yake yanajulikana. Karani anagusa "Hifadhi", programu inapokea "Futa". Anagusa tena, hakitokei kitu. Foleni inarefuka na lawama zinamwangukia yeye: mzito, kompyuta haimudu. Lawama hizo hazimstahili. Kosa limo kwenye vipimo na mpangilio wa programu, na kulirekebisha si kazi ya miezi. Inatakiwa tu mbunifu akubali jambo moja kabla ya kuchora chochote: kugusa ni kitendo cha mkono kwa wakati ule, wala hakimfungi mtumiaji kwa siku nzima. Mkono uliogusa sasa utarudi kwenye kipanya sekunde inayofuata, na programu iwe tayari kuupokea bila kuuliza maswali.

Somo ghali la Windows 8

Microsoft ililipa ada kubwa kujifunza hilo. Tarehe 26 Oktoba 2012 ilitoa Windows 8, mfumo uliokusudiwa kutumika kwenye kompyuta za mezani, laptop na vishikwambi kwa pamoja. Kitufe cha Start, ambacho watu walikizoea tangu Windows 95, kiliondolewa. Mahali pake ikaja skrini nzima ya vigae vikubwa vya rangi. Programu za aina mpya zilijaza skrini yote, hata kama skrini yenyewe ni monita ya inchi 24 iliyo mezani kwa mhasibu anayetaka kuona madirisha matatu kwa pamoja.

Tatizo halikuwa vigae. Tatizo lilikuwa kwamba mambo ya lazima, kama kutafuta, mipangilio na hata kuzima kompyuta, yaliwekwa kwenye utepe uliofichwa ukingo wa kulia. Mwenye kidole aliuvuta kwa kutelezesha kidole kutoka ukingoni kuja ndani. Mwenye kipanya alitakiwa kupeleka kishale hadi kwenye kona ya kulia, asubiri utepe ujitokeze, kisha akifuate kitufe alichokitaka. Hapakuwa na alama yoyote ya kumwambia kwamba pale kwenye kona pana kitu. Na nyuma ya vigae, eneokazi la zamani lilibaki na vitufe vyake vidogo vilevile, kwa hiyo mwenye kishikwambi aliyejikuta huko alihangaika kufunga dirisha kwa alama ndogo ya X. Zilikuwa dunia mbili ndani ya mashine moja: katika moja aliteseka mwenye kipanya, katika nyingine mwenye kidole.

Safari ya kurudi nyuma ilichukua miaka. Windows 8.1, iliyotoka Oktoba 2013, ilirudisha kitufe cha Start. Windows 10, ya Julai 2015, ilirudisha menyu yenyewe na kuweka hali maalumu ya kishikwambi ambayo mashine ingeweza kuingia kibodi inapochomolewa. Windows 11, ya Oktoba 2021, iliifuta hata hali hiyo. Sasa mtu akichomoa kibodi, aikoni za upau wa chini huachana kidogo na madirisha huwa rahisi kushikika kwa kidole, lakini mpangilio kwa jumla hubaki uleule. Mtumiaji hahamishwi nyumba. Analegezewa nafasi tu.

Kwa mbunifu wa programu ya duka, shule au zahanati, ushauri unaotokana na historia hiyo ni wa moja kwa moja. Asiunde matoleo mawili, la kipanya na la kugusa, kila moja likiwa na menyu na mpangilio wake. Aunde moja, kisha aamue ni vitu gani vitapanuka na lini.

Vipimo vianze na milimita

Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Paul Fitts, alionyesha kwamba muda wa kufikia shabaha hutegemea vitu viwili: umbali wake na ukubwa wake. Shabaha ndogo iliyo mbali huchukua muda mrefu zaidi. Kanuni hiyo inatawala kipanya na kidole, ila kidole kina mzigo wa ziada: ni kinene, na kinaziba kile kinachokilenga. Mwaka 2006 watafiti Pekka Parhi, Amy Karlson na Benjamin Bederson walipima jinsi watu wanavyogusa kwa kidole gumba wakiwa wameshika kifaa kwa mkono mmoja, wakapendekeza shabaha yenye upana wa milimita 9.2 kwa kazi ya mguso mmoja. Mwongozo wa Android wa vizio 48 unaishia karibu na hapohapo, milimita 9 hivi. Apple husema pointi 44. Microsoft kwa miaka mingi imetaja milimita 7.5 kama kipimo cha kuanzia.

Namba hizi zote zinazungumzia ukubwa halisi juu ya kioo, na hapo ndipo wasanidi wengi wanapojikwaa, kwa sababu wao huhesabu pikseli. Monita ya inchi 24 yenye pikseli 1920 kwa 1080 ina pikseli za milimita 0.28 hivi. Kitufe cha pikseli 40 hapo kina milimita 11, na kidole kitakipata bila shida. Programu hiyohiyo ikifunguliwa kwenye laptop ya inchi 14 yenye idadi ileile ya pikseli, bila ukuzaji wowote, kitufe kile kinashuka hadi milimita 6.5. Aikoni ya pikseli 16, ile ambayo programu nyingi za ofisi huitumia kwa kuhariri na kufuta, inakuwa na milimita 2.6. Hakuna kidole cha mtu mzima kitakachoigusa hiyo kwa uhakika. Ndiyo maana programu iheshimu ukuzaji uliowekwa kwenye mfumo endeshi, na vipimo vyake viandikwe kwa vizio vinavyofuata ukuzaji huo. Kwa asilimia 150, kitufe kile cha 40 kinapanda hadi karibu milimita 10 kwenye laptop hiyohiyo.

Hapa wabunifu huogopa kwamba skrini itajaa vitufe vinene na data itakosa mahali. Hofu hiyo ina jibu. Kinachotakiwa kuwa kikubwa ni eneo linalopokea mguso. Mchoro unaoonekana unaweza kubaki mdogo. Aikoni ya pikseli 16 ikiwekwa katikati ya mraba usioonekana wa 40, jicho litaona wepesi uleule na kidole kitapata pa kutua. Katika jedwali, mstari ukipewa kimo cha 40 badala ya 24, ukurasa utaonyesha mistari michache zaidi, lakini mstari mzima unaweza kuwa kitufe cha kufungulia kumbukumbu. Karani hatalazimika tena kulenga neno la bluu lililo pembeni.

Umbali kati ya vitufe una uzito sawa na ukubwa wake. Mwongozo wa kimataifa wa wavuti, WCAG 2.2, uliopitishwa Oktoba 2023, unataka shabaha iwe angalau pikseli 24 kwa 24 za CSS, na unaruhusu iliyo ndogo zaidi kama imezungukwa na nafasi ya kutosha. Ngazi ya juu kabisa ya mwongozo huo inataka 44. Mbunifu aichukue 24 kama sakafu, na kwa kitendo kisichorudishika, kama kufuta risiti au kufunga hesabu za siku, aweke kitufe mbali na vingine vyote.

Pembe za skrini nazo zinahitaji kufikiriwa upya. Kwa kipanya, kona ni mahali rahisi kuliko pote: kishale hugota ukingoni na hakiwezi kupitiliza, hivyo mtu anarusha mkono bila kulenga. Kidole hakigoti. Kinapita na kugonga fremu, na kwenye laptop zenye fremu iliyoinuka hakifiki kabisa milimita za mwisho. Juu ya hayo, mifumo endeshi imezichukua kingo kwa ajili ya ishara zake. Kwenye Windows 11, kutelezesha kidole kutoka kulia hufungua arifa. Kitufe kinachoguswa mara kwa mara kisogezwe ndani kidogo.

Mambo ambayo kidole hakiwezi

Kishale kinaweza kukaa juu ya kitu bila kubofya, na programu za mezani zimejenga mengi juu ya tabia hiyo. Maelezo hujitokeza kishale kikisimama juu ya aikoni. Menyu hufunguka yenyewe kikipita. Kwenye orodha, aikoni za kuhariri na kufuta huonekana pale tu kishale kinapopita juu ya mstari, ili ukurasa uonekane safi. Kidole hakina hali hiyo. Ama kimegusa ama hakipo. Karani mwenye kidole atatazama orodha ile safi na kuamini kwamba haina njia ya kuhariri.

Dawa yake ni rahisi kuitaja, ingawa inahitaji nidhamu: hakuna kitendo wala taarifa ya lazima itakayopatikana kwa kishale kilichosimama peke yake. Aikoni isiyoeleweka iandikwe neno kando yake. Menyu zifunguke kwa kubofya, kwa zana zote. Kila mstari uwe na kitufe kinachoonekana muda wote, hata kama ni nukta tatu tu, kinachofungua orodha ya vitendo. Kitufe hicho kinatatua pia suala la kitufe cha kulia cha kipanya. Windows hukubali mguso wa kubonyeza na kushikilia badala yake, lakini ni njia ya polepole, na hakuna kinachomwonyesha mtumiaji kwamba ipo. Ibaki kama njia ya mkato kwa wazoefu.

Kuburuta kuna mgongano wake. Kwa kipanya, mtu akishikilia na kusogeza, anachagua maandishi au anahamisha kitu, na gurudumu ndilo linalosogeza ukurasa. Kwa kidole, kusogeza juu na chini ndiyo njia pekee ya kutembeza ukurasa. Programu inayotafsiri kila msogeo kama kuhamisha kitu itamfanya mtu achanganye orodha yake kila anapojaribu kuona chini. Basi kidole kinachosogea kitembeze ukurasa, na kuhamisha kufanyike kwa kushika alama maalumu ya mistari iliyo pembeni mwa kitu. Karibu nayo viwepo vitufe vya "Panda" na "Shuka". Vitamsaidia pia anayetumia kibodi.

Mipaka ya safu kwenye jedwali ni mfano mwingine wa karibu. Kwa kipanya, kishale kikifika kwenye mstari mwembamba kati ya safu mbili kinabadilika kuwa mshale wa pande mbili, na mtu anajua anaweza kuuvuta. Kwa kidole hakuna mshale wala dalili. Programu itoe kitendo cha kupanua safu kupitia menyu ya kichwa cha safu, au ipange upana yenyewe kulingana na kilichomo.

Tarehe ya kuzaliwa inastahili kutazamwa peke yake, kwa kuwa inajazwa kwenye kila fomu ya usajili na mara nyingi ndiyo inayochosha kuliko zote. Fomu hufungua kalenda ndogo ya mwezi huu, siku 30 au 31 zikiwa zimebanana katika viboksi vya milimita nne, na mshale mdogo wa kurudi mwezi mmoja nyuma. Mgonjwa aliyezaliwa mwaka 1968 anamtaka karani agonge mshale huo mara mamia. Kalenda inafaa kwa tarehe za jirani, kama miadi ya wiki ijayo. Kwa tarehe ya kuzaliwa, nafasi tatu za kuandika siku, mwezi na mwaka zinawatosha wote, na skrini ikitumika bila kibodi, pedi ya namba yenye vitufe vikubwa ijitokeze yenyewe.

Kupanuka kwa wakati wake

Office 2013 ilitoa suluhisho lenye busara. Juu ya dirisha iliwezekana kuweka kitufe kidogo chenye chaguo mbili, kipanya au kugusa. Mtu akichagua kugusa, amri za utepe wa Word au Excel huachana na kupata nafasi zaidi, lakini mpangilio wake haubadiliki. Aliyejua mahali pa herufi nzito bado anapajua.

Baadaye Microsoft ilikwenda mbele zaidi katika vifaa vyake vya kuundia programu za Windows. Menyu ileile ikifunguliwa kwa kipanya, mistari yake hukaribiana. Ikifunguliwa kwa kidole, mistari huachana. Mtumiaji haulizwi lolote. Apple ilifika kwenye wazo hilo kutoka upande wa pili. Machi 2020, toleo la 13.4 la iPadOS lilileta kipanya na padi ya kugusa kwenye kifaa kilichozaliwa kwa ajili ya vidole. Kishale chake kilikuwa duara lenye ukubwa unaokaribia ncha ya kidole, na kikisogea juu ya kitufe kiligeuka kuchukua umbo la kitufe chenyewe. Vitufe havikupunguzwa ukubwa.

Kwa msanidi, njia ya kufanya hivyo ipo tayari. Kwenye wavuti, kiwango cha Pointer Events, ambacho W3C, shirika la viwango vya wavuti, ilikipitisha rasmi mwaka 2015, hufanya kila tukio lije na taarifa ya lilikotoka: kipanya, kidole au kalamu. Menyu ikifunguka kwa tukio la kidole, ipanuke. CSS nayo inaweza kuuliza kuhusu mashine, ila hapa pana mtego. Swali la pointer: coarse linaangalia zana kuu tu, na kwenye laptop zana kuu huwa ni kipanya au padi, hivyo jibu litakuwa hapana hata kama skrini inaguswa. Linalofaa kwa laptop za namna hii ni any-pointer: coarse, linaloangalia zana zote.

Tahadhari moja ifuatwe bila kukosa. Vitu vilivyokwisha kuonekana visihame wakati mtu anafanya kazi. Skrini inayopanuka kidole kikigusa na kusinyaa kipanya kikisogea itasogeza vitufe chini ya mkono, na mtu atagusa asichokusudia. Vinavyofunguka upya, yaani menyu, visanduku vya ujumbe na orodha za kuchagua, ndivyo vibadilike. Vinavyokaa muda wote vipewe kipimo cha kati kinachozifaa zana zote, na mtumiaji apewe kitufe cha kuvipanua akitaka.

Mkono, bega na jibu la skrini

Kompyuta ya mezani yenye kuguswa si jambo geni; Hewlett-Packard iliuza HP-150 mwaka 1983, ikitumia miale ya infraredi iliyozunguka skrini. Oktoba 2010, Steve Jobs alieleza kwa nini Apple haikutaka kuweka mguso kwenye skrini za Mac: skrini iliyosimama wima huchosha mkono ukiinuliwa kwa muda mrefu. Alikuwa sahihi kuhusu uchovu. Lakini watu wenye laptop za kugusa hawashindi mchana kutwa wameinua mkono. Wanagusa kidogo, kusogeza ukurasa au kubonyeza "Sawa", na kurudi kwenye kibodi.

Kwa hiyo mguso ufanywe mwepesi katika kazi fupi, na hakuna kazi ndefu itakayomlazimisha mtu kuinua mkono mfululizo. Mtu anayeingiza bidhaa 200 kwenye stoo apate njia ya kufanya hivyo kwa kibodi tangu mwanzo hadi mwisho, akihama kutoka kisanduku hadi kisanduku kwa Tab na kuhifadhi kwa Enter. Vitufe vya kukamilisha kazi vikae nusu ya chini ya dirisha, mkono usipande juu. Na kwenye mashine inayochomolewa kibodi, kibodi ya kwenye skrini huweza kufunika karibu nusu ya dirisha. Kisanduku kinachojazwa kisogezwe juu kiendelee kuonekana.

Jibu la skrini lije papo hapo. Mwenye kipanya huhisi kitufe kikibofyeka chini ya kidole chake. Kioo hakimpi mwenye kugusa hisia yoyote, na kidole chenyewe kimekiziba kitufe. Rangi ibadilike ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, na badiliko lienee hadi pale jicho linapoweza kuliona pembeni mwa kidole. Kitendo chenyewe kitekelezwe kidole kinapoinuka, si kinapotua, ili aliyekosea aweze kukitelezesha nje ya kitufe na kujiokoa. Na palipo na uwezekano, kila kufuta kufuatiwe na kitufe cha "Tengua" kitakachobaki kwa sekunde kadhaa. Kinamsaidia mtu kuliko kisanduku cha "Una uhakika?" ambacho mkono uliochoka hujibu ndiyo bila kusoma.

Kuanza na programu iliyopo

Wengi wanaosoma ushauri huu tayari wana programu inayotumika, bajeti ndogo na wateja wasiotaka mabadiliko makubwa. Kwao jaribio la kwanza ni kuchomoa kipanya, kuzima padi, na kufanya kazi moja kamili kwa kidole na kibodi: kusajili mgonjwa mmoja au kuuza bidhaa tatu na kutoa risiti. Kila mahali pa kukwama paandikwe. Kisha kazi hiyohiyo irudiwe kwa kipanya bila kugusa, ili marekebisho yatakayofuata yasimharibie mtumiaji wa zamani. Mara ya tatu zana zote zichanganywe.

Wanaojaribu wawe watumiaji wenyewe, kwenye mashine zao na mahali pao: kaunta ambapo mtu husimama, skrini yenye vumbi, vidole vilivyotoka kushika samaki au mafuta ya kupikia. Mwenye kucha ndefu ajaribu pia, kwa kuwa skrini nyingi za leo hutegemea uwezo wa ngozi kupitisha umeme na hazitambui ncha ya ukucha.

Orodha ya makosa itakapopatikana, marekebisho yaende kwa mpangilio huu. Wiki ya kwanza, vitufe vya kufuta vitenganishwe na vya kuhifadhi, na maeneo yanayopokea mguso yapanuliwe bila kugusa michoro. Baada ya hapo, kila kinachojitokeza kwa kishale kilichosimama kipewe kitufe kinachoonekana. Kalenda za tarehe za kuzaliwa zifuate, halafu menyu zinazopanuka kwa kidole. Kuhamisha kwa kuburuta na upana wa safu vinaweza kusubiri toleo lijalo, mradi njia ya menyu iwepo kwa sasa.